Mbwa Aliyeitwa Hajafa

Tangu juzi nyumba yangu inanuka mbwa. Si mbwa mkubwa. Ni kitoto cha mbwa kilicholala kwenye boksi la sabuni karibu na mlango wa jikoni, na kila nikipita kinafungua jicho moja na kunitazama kama mpangaji anavyomtazama mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Nimechoka hata kabla hakijaharibu kitu. Kazini nachoka, kwenye foleni nachoka, ngazi za ghorofa ya nne zinanimaliza, na sasa kuna roho nyingine humu ndani inayosubiri niilishe.

Aliyemtaka ni binti yangu Neema. Kijana aliyetupatia alinipigia simu kunieleza kwamba huyu ndiye mbwa wa apatimenti hasa: habweki ovyo, hali sana, hakui sana, hatoi manyoya, na anapenda watu. Nilimsikiliza nikiwaza kwamba hata mume mwenye sifa hizo sijawahi kumsikia. Nikakubali, kwa sababu mtu aliyechoka hukubali mambo mengi.

Jioni hii Neema amemchemshia chakula. Alikwangua ukoko wa ugali, akautia kwenye sufuria pamoja na miguu ya kuku, akaacha vichemke bila chumvi. Hakuna aliyemfundisha, nadhani ni utundu tu wa mtoto anayetaka kujaribu. Harufu ile imenikuta nimekaa sebuleni, viatu nimevua, begi bado liko begani, na sijaweza kuinuka. Ndiyo harufu ya kibaraza chetu cha Singida wakati ule Bibi alipokuwa anaishi nasi, na Baba akahangaika huku na huko kutafuta mbwa anayeweza kuishi ghorofani.

Tulipanga katikati ya mji, na mimi shuleni nilitembea kifua mbele kwa sababu ya kuishi ghorofani. Chini kulikuwa na maduka ya vitambaa na vipuri vya baiskeli. Ghorofa ya kwanza aliishi mwenye nyumba, Mzee Salumu, pamoja na mkewe tuliyemwita Mama Salma, na ghorofa ya pili tuliishi sisi. Ngazi ilikuwa moja, ya saruji, nyembamba kiasi kwamba wawili wakikutana mmoja alibana ukutani. Kibaraza chetu kilikaa juu ya kibaraza chao, na neno likisemwa juu lilisikika chini. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, akirudi nguo zinanuka mashudu. Mama alishona nguo pale pale nyumbani, na upepo wa Singida ukimpeperushia vipande vya kitambaa mchana kutwa.

Bibi, yaani mama yake Baba, aliletwa kutoka Ilongero kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, na alishafikia hatua ya kumkaribisha mbuzi ndani akidhani ni mgeni. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi yanamtoka kwenye macho hayo hayo mabovu. Lakini alikuja shingo upande. Alikuwa na mtoto mwingine, Mughenyi, kaka yake Baba, aliyekwenda machimboni kabla mimi sijazaliwa na hakurudi. Wengine walisema shimo liliwafunika, wengine walisema kaoa huko mbali akasahau kwao. Hakuna aliyeleta mwili wala habari ya uhakika. Bibi alisema nyumba ya Ilongero haifungwi, kwa sababu Mughenyi akirudi akakuta kufuli atajua wote tumekwisha. Simu za mkononi zilipoenea, Baba alijaribu kumwambia.

"Mama, angekuwepo si angepiga?"

"Namba yako angeipata kwa nani?" Bibi akamjibu. "Anayoijua yeye ni njia ya nyumbani."

Kwa hiyo alipokuja mjini alimwacha mbwa. Alikuwa na mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, jina lake Hajafa. Alimkabidhi kwa jirani amlishe, ila alale mlangoni pale pale, nyumba isionekane gofu. Mimi nilimjua Hajafa tangu likizo zangu za Ilongero. Kila jioni Bibi alisimama uani, mkono kiunoni, akamwita kwa sauti ya kuvuka mashamba ya mtama: "Hajafa! Hajafaaa!" Alimwita hivyo hata kama mbwa amelala miguuni pake. Nilipomuuliza kwa nini anaitwa hivyo alisema, "Kwa sababu hajafa, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. Basi nikajipa maelezo yangu: mbwa yule aliwahi kuumwa na nyoka akapona, na jina lile ndilo linalomlinda asife. Sikumbuki kama kuna mtu aliyenitajia nyoka. Nadhani nilimtunga mwenyewe, halafu nikamwamini.

Jicho la kwanza lilishafanyiwa upasuaji, tukawa tunangoja lipone ndipo lifuate la pili. Bibi akashinda kibarazani, kitambaa usoni, akisikiliza barabara na kutuuliza kila mlio ni wa nini. Mchana mmoja akapanda kwetu mwendesha bodaboda wa Ilongero, mtu mzima tuliyemzoea kwa kutuletea karanga na viazi. Alivua kofia. Akatoa shikamoo, akaitikiwa. Akaulizwa habari za mvua, za watu, za mifugo, na zote zilikuwa nzuri. Kisha akasema kwa adabu zote:

"Ila Bibi, Hajafa amekufa."

Cherehani ya Mama ikanyamaza. Mimi niliona sentensi ile inachekesha, nikacheka. Hakuna aliyecheka nami.

"Nani kakutuma useme hivyo?" Bibi akauliza.

"Jirani yako, Bibi. Lori la alizeti limemgonga pale barabarani."

"Sema mbwa amekufa."

Yule mtu akamtazama Mama kuomba msaada, asiupate. "Ndiyo, Bibi," akasema. "Mbwa amekufa."

Kuanzia siku ile Bibi akawa hali, na dawa ya jicho hataki kutiwa. Alifunga kanga zake kwenye furushi, akaliweka mlangoni. Anarudi Ilongero, na asizuiwe na mtu. Daktari alishasema jicho likiingia vumbi kabla halijapona ndiyo basi tena, na Ilongero wakati wa kiangazi vumbi ndilo linalokupokea. Baba alimsihi, Mama alimsihi, mchungaji akaja akamsihi. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mimi nilimwonea huruma Bibi kwa kumpenda mbwa kiasi kile, nikajiuliza kama ningekufa mimi angefunga furushi.

Hatimaye Baba, akiwa bado na nguo za kiwandani, alichuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, nikikuletea mbwa hapa hapa, utabaki?"

Bibi akageuza uso wenye kitambaa. "Mbwa wangu? Nitamwita mimi?"

"Utamwita wewe."

"Basi nitabaki mpaka macho yapone."

Hivyo macho ya Bibi yakawa yanategemea mbwa, na mbwa anamtegemea Mzee Salumu. Baba alinishika mkono tukashuka wote kumwomba, nadhani alinichukua ili nimlegeze mzee. Mzee Salumu alikuwa mtu wa maneno ya taratibu. Alitusikiliza mpaka mwisho, huku anapapasa goti lake.

"Msengi, mimi sina ugomvi na mbwa," akamwambia Baba. "Naye kaumbwa na Mungu. Lakini ngazi ni moja, na mimi nashuka kwenda msikitini nimeshatawadha. Mbwa wako akinigusa amelowa, itabidi nirudi nikaanze upya, na magoti yangu unayaona."

Akatoa masharti yake. Kwenye ngazi mbwa abebwe, asitembee. Akiwa ameloa asitolewe nje ya mlango. Na wakati wa adhana asibweke. Baba aliitikia yote, hilo la mwisho kwa wasiwasi. Ndipo Mama Salma akapaza sauti kutoka jikoni.

"Na apewe jina la heshima! Majina ya mbwa ya huku kwetu nayajua!"

Wakubwa wakacheka, mimi nikabaki nimetoa macho. Sikujua wakati ule kwamba kwetu jina la mbwa si la mbwa. Aliyegombana na jirani humwita mbwa wake Watasema, au Mtaniona, halafu kila jioni akasimama uani akamwita kwa nguvu, na jirani akapata ujumbe wake bila kutajwa. Hakuna baraza litakalomshtaki mtu kwa kumwita mbwa wake.

Sasa ikawa kazi ya kuchagua. Bibi alikataa kuchaguliwa. Akasema macho yamefungwa lakini mikono haijafungwa, akapanda bajaji pamoja nasi, furushi lake akaliacha pale pale mlangoni kama onyo. Kwanza tulikwenda kwa mama mmoja ambaye mumewe alihamishwa kikazi. Alikuwa na mbwa mweupe, mwenye manyoya hadi machoni, aliyeishi ndani ya nyumba tangu azaliwe. Baba akafurahi, maana hata sauti hakuwa nayo. Bibi akampapasa mgongoni, akampapasa tumboni, akatafuta kichwa kiko wapi.

"Huyu ni mbwa au mto wa kulalia?"

Mwenye mbwa akaeleza kwamba anakula yai la kuchemsha na huogeshwa kwa shampuu.

"Na mgeni akifika anafanyaje?" Bibi akauliza.

"Anajificha chini ya kochi, bibi. Hana shida kabisa."

Bibi akatafuta fimbo yake, akasimama. Kwenye bajaji alicheka peke yake njia nzima, na Baba hakucheka hata kidogo.

Wa pili alikuwa jitu la mbwa, la muumini mwenzetu kanisani, linafungwa mnyororo mchana. Lilipobweka mara moja tu, Baba alitazama ukubwa wake, nadhani akaiwaza ile ngazi na jitu lile mikononi, akaaga. Siku nyingine tukaenda Unyambwa kwa mkulima aliyekuwa na watoto wa mbwa chini ya kihenge. Walikuwa mbwa wetu wa kawaida, wa rangi za udongo, matumbo yamejaa. Bibi akakaa chini kwenye vumbi lile lile aliloambiwa aliepuke. Akawaokota mmoja mmoja, akamwinua kwa ngozi ya shingo na kumning'iniza. Kila aliyeinuliwa alipiga kelele kana kwamba anachinjwa. Mmoja tu, wa rangi ya vumbi, alining'inia kimya, miguu imelegea, akitazama huku na huku kama abiria.

"Huyu," Bibi akasema.

Kwa wazee wa kwetu mbwa asiyelia akishikwa shingo ndiye jasiri. Kwa Baba asiyelia alikuwa mbwa wa ghorofani, mpole, wa kutuhifadhia nyumba ya kupanga. Wote wawili wakafurahi, kila mtu kwa lake.

"Umeona, Mama? Kimya kabisa."

"Kimya kingi kina mshindo mkubwa, Msengi," Bibi akamjibu.

Tulipofika nyumbani Baba alimbeba ngazini kwapani kama kuku wa sokoni, kutimiza sharti. Katikati ya ngazi akageuka. "Sasa tumwite nani, Mama? Simba?"

"Ana jina lake. Hajafa."

Baba akasimama. Nilikuwa nyuma yao, nikaona mkono wake ukimbana yule mbwa mdogo. "Mama," akasema polepole, "hilo jina tulizike na yule mwingine."

"Umezika nini wewe, Msengi? Nionyeshe kaburi."

Baba alimalizia ngazi akafungua mlango, akaliruka furushi. Mimi nilifurahi sana, maana nilijua sasa kwamba na huyu naye hatakufa.

Maisha yakaendelea, na kusema kweli yule mbwa aliiweza ghorofa kuliko sisi. Alijifunza kujisaidia kwenye karai la mchanga kibarazani. Hakubweka wakati wa adhana, wala wakati mwingine wowote. Asubuhi Baba alimbeba kumshusha, na wakikutana na Mzee Salumu ngazini, mzee alijibana ukutani, akakusanya kanzu yake na kusema, "Mpisheni mheshimiwa." Bibi akaanza kula. Dawa akakubali, jicho la pili nalo likafanyiwa upasuaji, furushi likahamia uvunguni. Na kila jioni Mama akichemsha ukoko na miguu ya kuku, Bibi alisimama kibarazani, akashika ukingo, akaita kuelekea barabarani, ingawa mbwa alikuwa anamlamba kisigino: "Hajafa! Hajafaaa!" Wauza matunda wa chini walizoea. Wengine walimwitikia.

Kisha Mzee Salumu akapata kiharusi. Alilazwa hospitali, akarudishwa nyumbani, akawa mtu wa kitandani, na kitanda chake kikawekwa karibu na dirisha la kibaraza, moja kwa moja chini yetu. Watu wakawa wanamiminika kumwona. Bibi alijua mzee anaumwa, sote tulijua, lakini mazoea yana taabu. Jioni moja msafara wa wanaume kutoka msikitini ulikuwa umesimama mlangoni chini. Mmoja akauliza kwa sauti nzito ya heshima, "Je, mzee anaendeleaje?" Na kabla Mama Salma hajafungua mdomo, jibu likashuka kutoka juu:

"Hajafa!"

Nilikuwa kibarazani, nikaona nyuso zote zikiinuka. Bibi, macho yakiwa bado na kitambaa, akavuta pumzi akarudia kwa nguvu zaidi.

Wageni walipoondoka Mama Salma alipanda ngazi. Hakupiga hodi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyenipa kashata nikitumwa kwake, na sikuwahi kumwona amekasirika namna ile.

"Jirani, nimewakosea nini?" akamwambia Mama. "Mume wangu kalala pale chini. Anasikia. Mdomo umemwisha lakini masikio anayo. Watu wanakuja kumjulia hali, na juu ya kichwa chake nyinyi mnatangaza hajafa, hajafa. Mnasubiri nini? Mnaitaka nyumba?"

Mama alifunika mdomo. Mimi niliona tunafukuzwa, Bibi anarudi kwenye vumbi, anapofuka, na yote ni kwa ajili ya mbwa. Nikaanza kulia. Bibi peke yake hakutaharuki. Alipapasa hewani mpaka akapata mkono wa Mama Salma.

"Kaa, mama," akasema. "Kaa nikwambie mbwa huyu anamjibu nani."

Wakazungumza Kinyaturu, lugha ambayo mimi mtoto wa mjini niliijua ya kusalimia na kutumwa tu. Nilishika jina moja, Mughenyi. Lilirudi mara nyingi. Mama Salma alikuwa ameanza kwa kuuvuta mkono wake, kisha akaacha kuuvuta, kisha akakaa chini kwenye mkeka. Mwishoni akajifuta uso kwa mtandio na kuuliza kwa Kiswahili, kama mtu aliyesahau yuko kwenye lugha gani:

"Miaka yote hiyo, na hujawahi kulia?"

"Nimlilie nani?" Bibi akasema. "Hajafa."

Nilidhani wanaongea habari za mbwa, nikaona aibu kwa kulia.

Haya nimekuja kuelezwa na Mama ukubwani, tukichambua mchele, kana kwamba ni jambo ambalo nililijua siku zote. Kijijini waliposema Mughenyi amekufa, tena wakamshauri Bibi aweke matanga, yeye hakugombana na mtu. Alitafuta mbwa. Na kila jioni akawajibu wote waliokuwa wanaota moto kwenye nyua zao. Nilipoambiwa niliendelea kuondoa mawe kwenye mchele, nikikumbuka kicheko changu siku ile ya bodaboda. Inaniuma mpaka leo, hata kama mtoto hahesabiwi kosa.

Kesho yake jioni Bibi alitoka kibarazani akamwita mbwa kwa sauti ya chini, akilificha jina. Ndipo kutoka chini, kwenye dirisha la mgonjwa, Mama Salma akaita.

"Mwite tu, bibi! Mwite kwa nguvu! Na mimi nataka kusikia."

Basi jioni zile zote Bibi aliita kwa ajili ya wanaume wawili. Baadhi ya siku akichelewa kidogo, Mama Salma aligonga dari kwa mpini wa fagio kumkumbusha. Baba alisikiliza akiwa amekaa kitandani, viatu mkononi, na hakusema lolote tena kuhusu jina.

Mzee Salumu alifariki asubuhi moja ya upepo. Nyumba ikajaa, ngazi ikajaa viatu. Mbwa tulimfungia chumbani, na hakubweka. Bibi alishuka kwa kupapasa ukuta, akakaa kwenye mkeka kando ya Mama Salma, na hakutoka hapo mpaka matanga yakaisha. Alikuwepo jeneza likitolewa. Alikuwepo wanawake walipolia, na walipochoka kulia, na walipoanza kuulizana habari za watoto na kugawana chai. Aliporudi juu tulikuwa tunakula. Alinawa, akakaa, asiuguse ugali.

"Yule mama amelia, amemaliza," akasema. "Mimi hata sijaanza, Msengi."

Baba aliacha tonge sahanini.

Jioni ilipofika Mama alimimina chakula cha mbwa kwenye bakuli, na sote tukasubiri. Chini dirisha lilikuwa wazi. Bibi akatoka kibarazani, akasimama, mkono ukingoni, mbwa akimzunguka miguuni. Upepo ulikuwa unavuma. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha akainama.

"Mbwa," akasema. "Njoo ule."

Baba aliingia chumbani akafunga mlango, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia mwanamume mtu mzima akilia. Mimi niliingiwa na hofu nyingine kabisa. Niliona Bibi amemvua mbwa wetu kinga yake, na sasa lori, au nyoka, au upepo wenyewe, ungeweza kumchukua wakati wowote. Wiki iliyofuata wakubwa walikwenda Ilongero. Ndugu walikusanyika, ikafanyika ibada isiyo na jeneza, na waliporudi Bibi alikuwa na ufunguo wa kufuli amefunga kwenye pindo la kanga. Mimi nilibaki kwa Mama Salma, nikimlinda mbwa.

Neema ananiita niende kumtazama mbwa wake akila. Amemwita Pipi. Ni jina la mbwa tu, halimsemi mtu, na amesema nikilitamka niachie tabasamu. Nimemwambia nakuja, na bado nimekaa hapa na begi begani, nikiwaza mchana mmoja baada ya safari ile ya Ilongero.

Bibi alikuwa amejilaza mkekani kibarazani. Vitambaa vilishaondolewa, macho yake yote mawili yalikuwa mazima, na alikuwa anaangalia barabara. Mimi nilitambaa chini ya meza alikolala mbwa, nikamnong'oneza sikioni jina lake la zamani ili lisimwishie nguvu, kama nilivyokuwa nafanya kila nilipopata nafasi. Hajafa, nikamwambia. Hajafa, Hajafa. Sikujua kwamba nanong'ona kwa sauti.

"Usimwite hivyo tena, mke mwenzangu," Bibi akasema, bila kugeuka. "Mwache mwanangu apumzike."

Nikamtazama mbwa. Alikuwa kwenye usingizi mzito, mdomo wazi kidogo. Nikatoka chini ya meza taratibu, nikanyata mpaka jikoni, nisimwamshe.